Malewa ya Imbwa kwenye Njia ya Kabambare

Sahani ilikuwa imeshawekwa mbele yangu: bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese, na kipande cha samaki wa mto Lualaba. Nilikuwa nimetembea siku tatu kutoka upande wa Wamaza, na tangu jana yake sikuwa nimetia kitu tumboni isipokuwa maji. Nilikuwa nimeosha mikono na kumega tonge la kwanza, ndipo mwenye malewa, kile kibanda cha chakula, alipoinama na kuona kilicholala chini ya benchi yangu.

"Mama, ile imbwa ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Itoe inje."

Nilimwambia amechoka, atalala tu hapo mpaka nimalize kula, hatamsumbua mtu. Yule bwana aliingia jikoni, akatoka na kopo la maji ya wali, bado ya moto, akayamwaga chini ya benchi. Mbwa wangu hakubweka. Mbwa wa kwetu hawabweki. Wana sauti yao ndefu, kama mtu anayeanza wimbo halafu akaukatisha. Alitoa sauti hiyo mara moja, akaruka nje, mgongo wake ukitoa mvuke.

Watu waliokuwa wakila walicheka. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

Nilirudisha tonge kwenye sahani, nikasimama.

"Hujakula," mwenye malewa akasema.

"Kama yeye hana nafasi hapa, na mimi sina."

"Basi nenda ukale na yeye mu barabara."

Na kweli, ndivyo nilivyofanya. Nilinunua muhogo wa kuchoma kwa mwanamke aliyekaa kando ya njia, tukaula barazani mwa duka lililofungwa, nusu yangu na nusu yake. Yule mwanamke alimtazama mbwa, akatazama ngozi iliyobabuka, akanipa mawese kidogo juu ya jani bila kuniuliza kitu. Nilimpaka. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza Kasongo, na hapo barazani, mvua ikinilowesha miguu, muhogo mdomoni, nilisema kwa sauti kwamba nitakuwa na malewa yangu, na mbwa wataingia.

Watu wa Kasongo wana maelezo yao kuhusu mimi. Wengine husema yule mbwa alikuwa marehemu mume wangu aliyejigeuza. Wengine husema ni dawa niliyopewa na waganga ili wateja wasikose. Nimeyasikia yote, mengine nikiwa nimesimama nyuma ya msemaji na kijiko mkononi. Basi acha niseme mwenyewe.

Mume wangu alikuwa mwindaji. Alikuwa na nyavu, mikuki miwili, na yule mbwa, jike dogo la rangi ya udongo, mkia umejikunja, shingoni amevaa kengele ya mti. Wawindaji wa kwetu huwavalisha mbwa wao kengele hizo kwa sababu hawabweki. Bila kengele huwezi kujua mbwa yuko wapi ndani ya pori. Siku moja alikwenda peke yake na hakurudi. Siku ya pili wanaume wakaingia msituni kumtafuta, wakarudi mikono mitupu. Siku ya tatu mmoja wao akasikia kengele. Haikuwa ikitembea. Ilikuwa ikilia mahali pamoja, ikinyamaza, ikilia tena. Wakaifuata, wakamkuta mume wangu chini ya mti, mguu umevimba kwa sumu ya nyoka, amekufa tangu siku ile ya kwanza, na mbwa amekaa kichwani kwake akifukuza nzi. Hakuna mnyama aliyemgusa. Nilimzika mume wangu akiwa na uso wake. Wanawake wenzangu ambao waume zao walipotelea porini wanajua maana ya maneno hayo.

Baada ya matanga ndugu zake wakaja. Walichukua nyumba, nyavu, mikuki, mbuzi, hata chungu cha kupikia. Sikupigana nao, nilikuwa sina mtoto, na kwetu mjane asiye na mtoto huambiwa kwamba hana cha kudai. Shemeji mkubwa akamfunga mbwa kamba, akasema na hiyo ni mali ya ukoo. Hapo nilisema hapana. Nilisema hapana mbele ya wazee wote, nikasukumwa, nikaanguka. Kesho yake nikaondoka na kanga yangu ya harusi na sufuria niliyoazimwa na dada yangu. Kabla sijafika mto wa kwanza nikasikia kengele nyuma yangu. Alikuwa ametafuna kamba. Kipande chake kilikuwa bado kinaning'inia shingoni.

Huyo ndiye waliyemmwagia maji ya moto.

Nyumba niliyoipata iko mwisho wa mji, pale barabara inapoacha nyumba za matofali na kuelekea Kabambare. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee Mwislamu, mjane kama mimi, wa familia za zamani za mji huu. Mumewe aliuza vitambaa katika chumba cha mbele, na tangu afe chumba kilikuwa kitupu. Nilikwenda kuomba kukipanga. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mbwa aliyekaa nje ya ua.

"Wewe ni mukristo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile?"

"Iko na mimi, mama. Mahali niko, iko."

Nilikuwa nimeshajiandaa kuondoka, nimeshazoea.

"Sikia vizuri," akasema. "Mimi ninaswali humu ndani. Mate yake ikigusa chombo changu, ninapashwa kukiosha mara saba, na mara moja ni na udongo. Mimi ni muzee. Siwezi kuosha vyombo mara saba kila siku juu ya imbwa yako."

"Haitagusa, mama."

"Haitavuka huu mulango wa ndani."

"Haitavuka."

"Na maji yake?"

"Iko na chombo chake yeye mwenyewe."

"Basi umupe maji kweli kweli. Usimufunge jua lote bila maji juu ya kuniogopa mimi. Ile pia ni zambi."

Hivyo tukaelewana, na kwa miaka yote niliyokaa naye hakuna hata mmoja wetu aliyevunja maneno hayo. Wengi hawaelewi jambo hili. Wanadhani yule mama alinivumilia. Hapana. Alinipa masharti, na mimi nikayashika, na mtu akikupa masharti yanayoshikika amekuheshimu.

Malewa yangu ikawa hivi: chumba cha ndani, chenye meza mbili, ni cha watu wasiotaka mbwa. Baraza ya mbele, yenye benchi ndefu tatu chini ya mabati, ni ya watu wenye mbwa. Vyombo vya mbwa vilikuwa sufuria zilizotoboka nikazipeleka kwa fundi akaziziba, nazo zinaoshwa kwenye karai lao, uani upande wa pili, na kijiko chao hakiingii jikoni. Mbwa mwenye vita anafungwa kwenye nguzo ya mwisho. Mbwa anayekula kuku wa jirani, mwenyewe analipa kuku. Nilipika wali, maharagwe, bugali, sombe, samaki, na mara chache mbuzi. Mifupa haikutupwa.

Wateja walikuja kutoka kule nilikotoka. Kasongo watu wanafika kwa miguu, kwa kinga, ile baiskeli iliyobebeshwa mpaka haionekani, au kwa moto, yaani pikipiki. Wale wa kinga kutoka Wamaza, wenye magunia ya mchele, wengi husafiri na mbwa anayekimbia mbele yao. Wawindaji huleta nyama ya kukaushwa, na mbwa wao wawili watatu. Wachimbaji wa madini wa Lusangi wanakuja mjini na wengine wana mbwa mdogo ndani ya mfuko, kichwa tu nje. Zamani watu hawa wakifika mjini walimfunga mbwa juani nyuma ya soko na kwenda kula haraka haraka, na wakirudi mara nyingine walikuta kamba peke yake. Kwangu walikaa. Walivua viatu. Mbwa walilala miguuni kwao wakisinzia, na baraza ilijaa harufu ya manyoya yaliyonyeshewa na pilipili.

Mwenye ile malewa ya sokoni, yule wa maji ya moto, ndiye aliyenipa jina. Alianza kuwaambia wateja wake, "Muende tu kule mu malewa ya imbwa, mukakule na imbwa sahani moja." Maneno yakatembea. Kwa majuma kadhaa chumba changu cha ndani kilikaa kitupu. Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu alinivuta kando, akaniambia kwa upole kwamba watu wanasema kuna manyoya ndani ya sombe yangu, na kwamba ningewafukuza mbwa, hata kwa mwezi mmoja tu, wateja wangerudi.

Nilikwenda kwa fundi anayeandika majina kwenye kuta za maduka. Nilimwambia aje na rangi nyeusi na ubao mkubwa.

"Nitaandika nini, mama?"

"Andika: MALEWA YA IMBWA."

Aliuliza mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia kama hajui kuandika imbwa nitafute mwingine. Akaandika, kwa herufi kubwa nzuri, na alipomaliza chini kukabaki nafasi. "Na hapa?" Nikafikiri kidogo. "Andika: NA YA WATU."

Mama mwenye nyumba alitoka kusoma ubao. Alisoma polepole, kidole hewani. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Juma hilo hilo watu walianza kuja kuutazama ubao, na waliokuja kuutazama walisikia njaa.

Halafu likaja jambo ambalo halikuwa la kucheka.

Katika mtaa wa jirani, binti mdogo wa shule aliumwa na mbwa asiyejulikana, mbwa aliyetokea njiani akitokwa na povu, akamng'ata mguuni, akaendelea na safari yake. Wazazi walimfunga majani. Kidonda kikapona. Baada ya majuma kadhaa mtoto akaanza kuogopa maji. Sitaeleza yaliyofuata. Alikufa, na mji mzima ulijua alivyokufa, na tangu siku hiyo hakuna mama aliyemwacha mtoto wake barabarani bila fimbo.

Na mimi niliogopa. Sitasema uongo. Asubuhi moja niliweka maji mbele ya mbwa wangu na kusimama mbali nikimtazama kama anakunywa. Alikunywa, akanitazama na kidevu kinadondosha maji. Niliona haya.

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, aliita watu wote uani kwake. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kanisani, si mbaya, lakini alipenda mambo yaishe haraka. Alisema mbwa wote wa kartie watauawa kabla ya Jumamosi, wenye mwenyewe na wasio na mwenyewe, na ile malewa ya njia ya Kabambare itafungwa kwa sababu ndiyo inayovuta mbwa kutoka kila pori. Watu wakapiga makofi. Waligeuka kunitafuta kwa macho. Mama wa marehemu binti alikuwa amekaa mbele, kwenye mkeka, hakugeuka.

Nilisimama.

"Shefu, utaua imbwa za kartie. Sawa. Kesho mutu wa Lusangi atakuja na imbwa yake, utaua ile. Kesho kutwa ingine itatoka mu pori peke yake, haina mutu. Ile njo iliuma mutoto, ile ya peke yake. Utaziua zote mpaka lini?"

"Sasa wewe unataka nini? Zikae zitumalize?"

"Ninataka zidungwe chanjo."

Kicheko kikapita uani. Shefu akamgeukia munganga wa mifugo, mzee mwembamba wa Leta, yaani serikali, ambaye ofisi yake ilikuwa na meza moja na kalenda.

"Chanjo iko?"

"Hapa haiko," munganga akasema. "Friji yangu ilikufa zamani. Iko Kindu."

"Basi nitaenda Kindu," nikasema.

"Wewe?" shefu akacheka.

"Niko na miguu, shefu. Munipe majuma mawili."

Nadhani alitaka kunikatalia, lakini alikuwa amenicheka mbele ya watu, na mtu aliyekucheka hadharani mara nyingine anaona kwamba kukuachia ushindwe mwenyewe ni vizuri zaidi.

"Majuma mawili," akasema. "Ukirudi bure, tunaanza na ya kwako."

"Ndiyo. Muanze na yangu."

Nilifika nyumbani, nikakaa jikoni. Mama mwenye nyumba alikuja, akasimama mlangoni. "Nimesikia," akasema. "Malewa nitaiangalia. Nitapika wali. Lakini imbwa yako, umuombe mutu mwingine amupe chakula, mimi nitasimama mbali na kuona kama anampa." Na ndivyo alivyofanya.

Wawindaji na watu wa kinga walichanga. Munganga aliniandikia barua yenye muhuri, akanipa glasieri, lile sanduku la plastiki la kubebea barafu, akanifundisha: chanjo isipate joto, isigande, na kifuniko kisifunguliwe ovyo. Mtu wa moto aliyekubali kunipeleka alikuwa Mwislamu wa makamo, baba wa watoto wanne, aliyekuwa hapendi mbwa kabisa. Nilimuuliza kwa nini basi anakubali. "Mimi niko na watoto ine wanatembea kwa miguu kwenda masomo," akajibu, akawasha moto.

Siku mbili kwenda. Madaraja ya magogo, matope, kushuka na kusukuma, kupanda tena. Tulivuka Lualaba kwa mtumbwi, moto ikilala kati yetu kama mgonjwa, tukaingia Kindu. Kule nilikaa siku tatu mlangoni mwa ofisi na barua yangu, kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa safarini. Waliniambia nirudi juma lijalo. Nilisema sina juma lijalo. Nilikaa. Siku ya tatu mwenye ufunguo akafika, akaisoma barua, akanitazama na glasieri yangu mapajani, akanipa chupa zote nilizoomba, na bomba za kudungia pia, na barafu mpya.

Kurudi, siku ya kwanza, jioni ikiwa bado mbali, mnyororo wa moto ukakatika. Tulikuwa katikati ya msitu, jua kali baada ya mvua. Mtu wa moto alikaa matopeni akiunga mnyororo kwa waya na jiwe. Mimi nilikaa na sanduku kivulini, nimelifunika kwa kitambaa changu na majani mabichi. Nilijiambia nisifungue. Nikafungua. Barafu ilikuwa imebaki kama maganda ya yai juu ya maji.

Tuliposhika njia tena tulifika kijiji chenye kituo cha afya, na juu ya paa lake niliona vioo vya umeme wa jua. Penye vioo pana friji. Niliingia na sanduku kichwani. Muuguzi alikuwa mwanamke wa rika langu, amechoka, kitambaa cheupe kimefungwa kiunoni.

"Friji ni ya chanjo ya watoto," akasema aliposikia. "Siweki mule dawa ya imbwa."

"Hii pia ni ya watoto."

"Mama, umesema ni ya imbwa."

"Inadungwa imbwa. Inaponya watoto. Kwetu tulizika mutoto juzi. Wewe ulishaona mutu anakufa kwa ugonjwa wa imbwa?"

Aliangalia mlango wa chumba cha wagonjwa, kisha akaangalia mikono yake. Alikuwa ameona.

"Mara moja," akasema. "Mwanaume. Tulimufunga juu ya kitanda."

Alichukua sanduku kutoka kichwani kwangu. Alizipanga chupa kwenye rafu ya chini, peke yake, akaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba zisiguswe, na kuibandika. Tulilala hapo. Alfajiri alinirudishia chupa zangu zikiwa baridi, na barafu yake mwenyewe juu.

Zoezi lilifanyika kwenye baraza yangu, siku moja kabla ya majuma mawili kwisha. Neno lilikuwa limetangulia. Watu wa kinga walilibeba mpaka Wamaza, wavuvi walilifikisha mpaka Nyangwe. Mbwa walikuja kwa kamba, kwa mnyororo, kwa kitambaa cha mama, begani, ndani ya kikapu. Munganga wa mifugo alivaa koti lake jeupe ambalo nadhani hakulivaa miaka mingi, na lilimfanya asimame wima. Yeye alidunga, mimi nilishika vichwa. Kila mbwa aliyedungwa nilimfunga shingoni utepe wa kitambaa chekundu, nilichokipasua kutoka kwenye kanga yangu ya harusi kwa sababu ndicho kitu chekundu pekee nilichokuwa nacho. Wangu alikuwa wa kwanza. Nilitaka waone.

Karibu na mchana mke wa shefu akaja na mbwa mweupe mnene aliyemficha uani kwake muda wote huo. Tulimdunga, tukamfunga utepe, akaondoka naye akipita njia ya nyuma.

Kisha yule mama wa binti akaja.

Watu wakampisha. Alisimama ukingoni mwa baraza, amefunga mikono kifuani. Hakuna maneno ambayo mwanamke mwenye mbwa anaweza kumwambia mwanamke huyo.

"Zote zinadungwa?" akaniuliza.

"Zote, mama."

"Nitasimama nione."

Alisimama. Nilimletea kiti, hakukaa. Nilimletea maji, akayapokea, akayashika tu. Alimtazama kila mbwa, kila sindano, kila utepe. Jua liligeuka, wengine walikwenda wakala wakarudi, yeye yupo. Tulipofikiri tumemaliza, munganga ameshaanza kukusanya vitu vyake, alinyoosha kidole kuelekea benchi ya mwisho.

"Ile haina utepe."

Tukainama. Kulikuwa na mbwa mdogo mweusi amejibana gizani, masikio yameshuka, hakuna hata mtu mmoja aliyekubali kuwa ni wake. Alikuwa mkali kwa woga. Mtu wa moto akasema tumwache, au tumuue, hana mtu. Yule mama akaweka kikombe chini. Akavua mtandio wake wa kichwani, akaurusha juu ya yule mbwa kama mtu anavyorusha wavu, na kabla sijafika alikuwa amepiga magoti na kumshikilia shingo chini ya kitambaa.

"Dunga," akamwambia munganga.

Munganga akadunga. Mimi nikafunga utepe, vidole vyangu karibu na vidole vyake. Hakunitazama. Aliposimama alichukua mtandio, akaukung'uta, akausokota mkononi, akaenda zake. Sikumwona akilia. Mimi ndiye niliyelia, nyuma, karibu na karai.

Shefu alishika neno lake kuhusu mbwa. Kuhusu malewa, bado hakuridhika. Majuma machache baadaye alikuja na wanaume wawili na ngazi, akasema mbwa sawa, lakini ule ubao ni aibu ya kartie, wageni wanapita wanacheka, utashushwa. Nilikaa chini ya ubao kwenye benchi, nikaendelea kuchambua mchele.

"Mama, simama."

"Sisimami, shefu. Waweke ngazi juu yangu."

Mama mwenye nyumba alitoka na tasbihi mkononi. Alikuwa mzee, anatembea akishika ukuta.

"Hii nyumba ni ya nani?" akamuuliza shefu.

"Ni yako, mama."

"Na hii ukuta?"

"Ni yako."

"Mimi sijasema ubao ushuke. Mimi, mutu wa kuswali mara tano, ubao haunisumbui. Wewe unakusumbua nini?"

Wale wanaume walikuwa wameshaanza kuiondoa ngazi. Ubao uko hadi leo. Rangi imepauka, nimeuandikisha upya mara mbili.

Yule mama alifariki kabla ya mbwa wangu. Watoto wake waliniachia chumba kwa masharti yale yale, neno kwa neno, kwa maana alikuwa amewaambia. Mbwa wangu naye alizeeka. Macho yakawa meupe, akawa anagonga miguu ya benchi, na wateja walimzunguka bila kuambiwa. Asubuhi moja msimu wa mvua hakuamka.

Nilichimba nyuma ya jiko. Jirani mmoja aliniona na jembe, akaniita kutoka ng'ambo ya ua: mbwa hazikwi, mbwa anatupwa kichakani, hivi nimechanganyikiwa? Nilimwambia ana mikono miwili, akiona kazi yangu inakwenda polepole alete jembe lake. Hakuleta. Nilichimba mpaka kiunoni, peke yangu, udongo mzito wa mvua ukinishika miguu. Nilimfunga kwa kitambaa kizuri. Sikusali kwa sauti, kwa sababu sikujua sala ipi, lakini nilisimama kiasi ambacho mtu husimama.

Siku hiyo sikuwasha moto jikoni. Kesho yake niliwasha mapema. Nilitwanga sombe, nikaosha mchele, nikaweka maji kwenye sufuria zilizozibwa za barazani. Kabla jua halijakuwa kali mtu wa kinga kutoka Wamaza alifika na mbwa wake wawili, wote wamelowa. Aliniuliza kama kuna chakula.

"Kiko," nikamwambia. "Ingieni wote."